Kuweka fonti kwa mtumiaji mmoja kwenye kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mtu anayetaka kuongeza fonti kwenye akaunti yake tu, awe anatumia Windows, Mac au Linux. Mara nyingi ni mtu asiye na nywila ya msimamizi: mwalimu anayechapa mitihani kwenye kompyuta ya shule, karani wa ofisi ya wilaya, au msanifu wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, anayepokezana mashine moja na wenzake. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta nyingi nchini Uganda zimewekwa kwa Kiingereza.

Kuna tofauti gani kati ya kuweka fonti kwa mtumiaji mmoja na kuiweka kwa wote?

Ni mahali faili linapokaa, na nani anaruhusiwa kuliona. Fonti ya wote hukaa kwenye folda ya mfumo, na kila anayeingia kwenye kompyuta ile anaikuta. Fonti ya mtumiaji mmoja hukaa ndani ya akaunti yake. Mwenzako akiingia kwa jina lake, haioni. Hata wewe ukiingia kwa akaunti nyingine kwenye mashine ileile, huioni.

Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanatokana na jambo hilo moja. Fonti uliyoweka hivi ni mali ya akaunti. Haimo kwenye waraka wako, na kompyuta nzima haiijui. Kila programu au mtu anayefanya kazi nje ya akaunti yako hana habari nayo.

Je, nahitaji nywila ya msimamizi?

Kwenye Mac na Linux hapana. Kwenye Windows hapana pia, mradi ni Windows 10 toleo la 1809 (lililotoka Oktoba 2018) au jipya zaidi, ikiwemo Windows 11. Kujua toleo lako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter.

Hatua za Windows 10 na 11 ni zipi?

Kwanza toa mafaili kwenye zipu, yaani faili moja lililobana mafaili mengi. Bofya zipu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Extract All", na ufanye kazi na folda inayotokea. Usiweke fonti kutoka ndani ya zipu. Windows hukuonyesha yaliyomo kama vile ni folda ya kawaida, lakini uwekaji wake mara nyingi hukwama.

Kisha funga Word, CorelDRAW na programu nyingine zinazotumia fonti. Chagua mafaili yote ya fonti hiyo kwa pamoja (bofya la kwanza, shikilia Shift, bofya la mwisho), bofya kwa kitufe cha kulia, na uchague "Install". Kwenye Windows 11, usipoiona, bofya "Show more options" kwanza. Chini yake kuna "Install for all users" yenye alama ya ngao. Hiyo ndiyo inayodai nywila, na siyo unayoitaka.

Njia nyingine ni kufungua Settings, kisha Personalization, kisha Fonts, na kuburuta mafaili hadi kwenye kisanduku kilicho juu ya ukurasa. Matokeo ni yaleyale.

Mafaili yataenda hapa:

C:\Users\jina lako\AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts

AppData ni folda iliyofichwa. Ukitaka kuifikia haraka, bandika %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Windows\Fonts kwenye mstari wa anwani wa dirisha la mafaili.

Nimenakili mafaili moja kwa moja kwenye folda hiyo, lakini fonti haionekani. Kwa nini?

Kwa sababu folda peke yake haitoshi. Unapobofya "Install", Windows hufanya mambo mawili: hunakili faili, na huandika jina la fonti na njia ya faili lake kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Fonts. Ukinakili kwa mkono, hatua ya pili haifanyiki. Yafute mafaili hayo, kisha yaweke upya kwa "Install".

Hali hii huwapata hasa wanaohamisha folda nzima ya fonti kutoka kompyuta ya zamani wakidhani wamemaliza kazi. Ihamishe folda, sawa, lakini iweke pembeni, kisha chagua yaliyomo yote na ubofye "Install". Ni dakika mbili tu.

Kompyuta yangu bado ni Windows 7 au 8. Nifanyeje bila nywila?

Windows hizo hazina uwekaji wa mtumiaji mmoja. Kuna mlango wa pembeni, ingawa hauingii kila mahali: programu kadhaa zina folda zake zenyewe za fonti. GIMP inakuruhusu kuongeza folda yoyote kupitia Edit, Preferences, Folders, Fonts. Inkscape kuanzia toleo la 1.0 ina nafasi kama hiyo kwenye mapendeleo yake, sehemu ya Text. Folda hiyo inaweza kuwa kwenye Documents zako. Word haina kitu kama hicho, kwa hiyo kwa barua na mitihani itabidi umwombe mwenye nywila.

Kwenye Mac je?

Bofya faili la fonti mara mbili, Font Book itafunguka, kisha bofya "Install". Kabla ya hapo angalia mapendeleo ya Font Book uone mahali pa kuwekea ni pa mtumiaji wa sasa, si pa kompyuta nzima. Mafaili hukaa kwenye ~/Library/Fonts, ambapo alama ya ~ ni folda yako binafsi. Za kompyuta nzima hukaa /Library/Fonts, na za mfumo wenyewe /System/Library/Fonts. Hizo za mfumo usiziguse.

Folda ya Library imefichwa pia. Kwenye Finder, fungua menyu ya Go huku umeshikilia kitufe cha Option, nayo itajitokeza. Tofauti na Windows, kwenye Mac ukinakili faili moja kwa moja ndani ya ~/Library/Fonts linatambuliwa. Word ya Mac mara nyingi huhitaji kufungwa na kufunguliwa upya ndipo ione fonti mpya.

Na Linux?

Folda ni ~/.local/share/fonts. Isipokuwepo, itengeneze. Unaweza kuweka folda ndogo ndani yake, moja kwa kila fonti, ili siku ya kuondoa usihangaike:

mkdir -p ~/.local/share/fonts/Andika
cp *.ttf ~/.local/share/fonts/Andika/
fc-cache -f -v

Amri ya mwisho husoma folda upya. Kuhakikisha, andika fc-list | grep -i andika. Ikirudisha mistari, fonti imeshika. Isiporudisha kitu, angalia ruhusa za mafaili. Yaliyonakiliwa kutoka kwenye flashi au kutolewa kwenye zipu kwa sudo (amri ya kufanya kazi kama msimamizi) huweza kuwa ya root, yaani akaunti ya msimamizi, na wewe huwezi kuyasoma.

Utakuta miongozo ya zamani ikitaja ~/.fonts. Bado inafanya kazi kwenye mifumo mingi, lakini ni njia iliyoachwa, usianze nayo leo. Asiyependa amri, kwenye Ubuntu abofye faili mara mbili na kubonyeza "Install". Kwenye KDE, mwonekano mwingine wa skrini ya Linux, mipangilio ya fonti humuuliza kama anaiweka kwa matumizi binafsi au ya mfumo.

Nimepakua zipu, ndani kuna mafaili ishirini. Niweke yapi?

Soma viendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina la faili.

.ttf na .otf ndizo unazotaka. Kama zipo zote mbili za fonti ileile, weka aina moja tu, si zote, la sivyo jina litajirudia kwenye orodha na programu itachagua inayotaka. Kwa Word na LibreOffice kwenye Windows, .ttf haina usumbufu.

.ttc ni faili moja lenye fonti kadhaa ndani. Linawekwa kama kawaida.

.woff na .woff2 ni za kurasa za tovuti. Kwenye kompyuta yako ziache. Kubadilisha kiendelezi kuwa .ttf hakubadilishi kilichomo.

.pfb na .pfm ni za aina ya zamani iitwayo Type 1. Adobe iliacha kuzikubali kwenye programu zake Januari 2023. Kama una maktaba ya CD za miaka ya tisini, huu ndio wakati wa kuipumzisha.

Sasa, fonti nyingi za Google Fonts huja na faili moja kubwa lenye maneno VariableFont kwenye jina, pamoja na folda iitwayo static. Hilo kubwa lina unene wote ndani yake, kutoka mwembamba hadi mnene sana. CorelDRAW kuanzia toleo la 2020 hulielewa, na Illustrator na Photoshop za kuanzia CC 2018 pia. Word hulitumia nusunusu. Anayefanya kazi kwenye Word afungue folda ya static na kuchukua manne: Regular, Bold, Italic na BoldItalic. Yanatosha.

Kwa nini maandishi mazito yanaonekana kama yamepakwa matope?

Uliweka Regular peke yake. Ukibonyeza B, Word haina Bold halisi ya kutumia, kwa hiyo inaunenepesha mwandiko yenyewe. Italiki nayo inalazwa kwa nguvu. Kwenye skrini unaweza usione. Kwenye karatasi, hasa kwa herufi ndogo za stakabadhi na vitabu vya risiti, matundu ya a na e huziba. Weka mafaili yote manne.

Windows inasema faili si fonti halali. Tatizo ni nini?

Anza na ukubwa wa faili. Fonti ya herufi za Kilatini kwa kawaida ni kilobaiti makumi hadi mamia. Ukikuta kilobaiti mbili au tatu, huenda bando lilikatika katikati ya upakuaji, au ulichohifadhi ni ukurasa wa tovuti wenye jina la fonti. Lifungue kwa Notepad: ukiona maneno kama html mwanzoni, si fonti. Pakua upya.

Kama ukubwa uko sawa, huenda ni .woff iliyobadilishwa jina, au unaiweka kutoka ndani ya zipu.

Kuna sababu moja isiyotarajiwa kabisa: huduma ya Windows Defender Firewall ikiwa imezimwa, Windows hukataa kuweka fonti na kutoa ujumbe huohuo wa faili batili. Kompyuta "zilizoharakishwa" na mafundi kwa kuzima huduma mbalimbali hukumbwa na hili. Fundi airudishe huduma hiyo, na fonti zitaingia.

Fonti imewekwa na naiona kwenye Settings, lakini programu moja haiioni.

Fuata mpangilio huu. Funga programu hiyo kabisa, uifungue tena. Ikishindikana, toka kwenye akaunti na uingie upya. Bado? Basi jiulize programu inafanya kazi kwa jina la nani.

Ukiifungua kwa "Run as administrator" na kuandika nywila ya mtu mwingine, programu inaendeshwa kwa akaunti ya huyo mtu, na fonti zako hazipo kwake. Hali ni hiyohiyo kwa huduma zinazoendeshwa na mfumo wenyewe, kama programu za mashine kubwa za kuchapia mabango ambazo hubadili faili kuwa nukta za wino nyuma ya pazia. Hizo zinahitaji fonti ya wote, au faili ambalo maandishi yake yameshageuzwa kuwa michoro.

Sababu ya tatu ni umri. Programu zilizoandikwa kabla ya 2018 zilijua mahali pamoja tu, C:\Windows\Fonts. Zinazoiuliza Windows orodha ya fonti hupata na zako. Zinazoenda zenyewe kusoma folda ile hazizipati, na hakuna kitufe cha kuzirekebisha. Hapo ndipo unapomwomba msimamizi aweke kwa "Install for all users".

Na mwisho, baadhi ya ofisi zimewasha ulinzi wa Windows unaozuia fonti zote zilizo nje ya C:\Windows\Fonts, kwa kuwa faili la fonti lililoharibiwa makusudi liliwahi kutumika kama njia ya kuvamia kompyuta. Uwekaji utakubali bila kulalamika, halafu fonti haitokei popote. Usihangaike nayo, zungumza na watu wa IT.

Kila asubuhi fonti zangu zimepotea.

Kompyuta za vituo vya intaneti na maabara za shule huwa na programu inayorudisha kila kitu kama kilivyokuwa kila mashine inapowashwa. Chochote ulichoweka jana kimefutwa. Kama hakuna programu hiyo, angalia kama unaingia kwa akaunti ya wageni.

Shule au ofisi yenye seva ina jambo jingine: akaunti yako inakufuata kutoka kompyuta moja hadi nyingine, lakini AppData\Local haisafiri nayo. Fonti inabaki kwenye mashine ulipoiwekea. Beba mafaili kwenye flashi.

Nahitaji ŋ na Ŋ kwa Luganda au Acholi. Niweke fonti gani?

Huenda usihitaji kuweka yoyote. Arial, Times New Roman na Calibri zinazo herufi hizo tayari. Tatizo la wengi ni kibodi, na fonti haiongezi kitufe kwenye kibodi. Kwenye Word, andika 014B kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja: inageuka kuwa ŋ. Kubwa ni 014A. Kwenye programu nyingi za Linux, bonyeza Ctrl, Shift na U, andika 14b, kisha Enter.

Fonti za mapambo ndizo zinazosumbua. Zile za mwandiko wa mkono wanazopenda maharusi zina A hadi Z na hazina ŋ. Ukichapa mwaliko wa kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba) wenye neno Ŋŋaali, Word itaazima herufi hiyo kutoka fonti nyingine bila kukuambia, na CorelDRAW inaweza kuonyesha kisanduku kitupu. Kabla ya kumwahidi mteja, chapa mstari huu wa majaribio kwa fonti hiyo, kwa ukubwa wa 36:

Eŋŋoma Ŋŋaali ŋ Ŋ 0123456789 1,500,000/= ng' ’

Mstari huu unakagua ŋ ndogo na kubwa, tarakimu, alama za bei, na kiapostrofi cha aina zote mbili. Fonti za bure zisizo na tarakimu zipo, na hugundulika saa ambayo kadi zimeshachapwa.

Kwa vitabu vya watoto na vifaa vya kusomea, Andika ya shirika la SIL ni chaguo zuri: imechorwa kwa wanaojifunza kusoma, I kubwa na l ndogo hazichanganyiki. Charis ya hao hao inafaa vitabu vya kurasa nyingi. Zote ni za bure. Zinakubali pia kubadilisha umbo la Ŋ kubwa, maana Wasami wa kaskazini mwa Skandinavia huichora kama N yenye mkia, ilhali Afrika tumezoea n iliyokuzwa. Kwenye LibreOffice, fungua Format, Character, kisha kitufe cha Features.

Kwenye Linux kuna amri inayoorodhesha fonti zako zote zenye ŋ:

fc-list :charset=014b family

Jihadhari na fonti za zamani "za lugha za kienyeji" ambazo zilichora ŋ mahali pa alama nyingine, tuseme pa mabano au ya dola. Waraka unasomeka kwenye kompyuta yenye fonti ile tu. Kwingine kote unaonyesha alama za ajabu, na kutafuta neno hakuwezekani. Kama ofisi yako bado inazo, badilisha nyaraka ziwe za Yunikodi (mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake) kwa Find and Replace, alama moja baada ya nyingine, kabla ya kuiondoa fonti.

Na Kiarabu, au Kitigrinya na Kiamhari?

Kwa Kiarabu, Amiri na Scheherazade New ni za bure na zina irabu zote. Kwa menyu na matangazo ya Kitigrinya na Kiamhari yanayochapwa Kansanga, Kampala, tumia Abyssinica SIL au Noto Sans Ethiopic. Kiarabu kikitokea herufi moja moja zisizoungana, fonti haina kosa. Ni programu ya zamani isiyojua kuunganisha.

Waraka ulipendeza nyumbani, nilipoupeleka Nasser Road kuchapwa ukabadilika sura. Kwa nini?

Kwa sababu ulibeba waraka bila fonti. Kompyuta ya pale haina fonti ile, ikatafuta inayofanana, upana wa herufi ukawa tofauti, mistari ikavunjika kwingine, na ukurasa wa 12 ukawa wa 13. Word hata haikuonyi: jina la fonti linabaki lilelile kwenye kisanduku cha juu ingawa inayoonekana ni nyingine. Kuona ukweli, nenda File, Options, Advanced, na ubofye "Font Substitution".

Dawa ziko tatu, kwa mpangilio wa ubora.

Peleka PDF. Kwenye Word tumia Save As na uchague PDF. Fonti huingizwa ndani. Ukitaka kuhakikisha, fungua PDF kwa Acrobat Reader, nenda kwenye Properties, sehemu ya Fonts. Kila jina linapaswa kuwa na neno Embedded mbele yake.

Kwa kazi ya CorelDRAW, hifadhi nakala, kisha chagua kila kitu na bonyeza Ctrl na Q. Maandishi hugeuka michoro na hayahitaji fonti tena. Kwenye Illustrator ni Ctrl, Shift na O; Inkscape ni Ctrl, Shift na C. Sisitizo liko kwenye neno nakala: ukishageuza huwezi kurekebisha herufi hata moja, na mteja hukumbuka jina la shangazi lililokosewa baada ya hapo.

Ikiwa lazima upeleke faili la Word ili lirekebishwe huko, nenda File, Options, Save, na uweke tiki "Embed fonts in the file". Fonti nyingine hazikubali. Ruhusa hiyo imeandikwa ndani ya fonti yenyewe, na kwenye Windows unaweza kuisoma kwa kubofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, Details, mstari wa "Font embeddability". Ikiandikwa Restricted, rudi kwenye PDF.

Sikuweka fonti yoyote ngeni, bado waraka umebadilika.

Angalia kama ni Aptos. Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kuwa ndiyo fonti ya kuanzia ya Office mpya badala ya Calibri, na kompyuta zenye Office ya 2010 au 2016 hazina. Kwa waraka utakaozunguka ofisi nyingi, badilisha kuwa Calibri au Arial kabla hujaanza kuandika.

Office mpya pia huonyesha fonti zenye alama ya wingu. Hizo hupakuliwa pale unapozichagua, kwa bando lako, na hubaki ndani ya Office. Usizitafute kwenye CorelDRAW.

Anayefungua nyaraka za Calibri kwenye Linux aweke Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni uleule, hivyo mistari haihami. Ya Cambria ni Caladea.

Mbona Google Docs haioni fonti yangu?

Google Docs hutumia orodha yake yenyewe, haisomi akaunti yako ya kompyuta. Bofya jina la fonti, kisha "More fonts", utafute humo. Kama haimo, andika kwenye Word au LibreOffice.

Fonti ikiwa ya bure kupakua, naweza kuuzia kazi?

Si lazima. Tovuti nyingi za fonti za bure huandika kwamba ni kwa matumizi binafsi tu. Mwaliko wa harusi ya dada yako ni matumizi binafsi. Mialiko 300 unayomuuzia mteja si matumizi binafsi. Fungua faili la maandishi lililo ndani ya zipu, kwa kawaida linaitwa OFL, License au Readme. Ukikuta SIL Open Font License, unaruhusiwa kuchapa na kuuza kazi, kuweka fonti kwenye kompyuta zote za duka na kumpa mteja mafaili. Ambacho huwezi ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Fonti za kulipia huhesabu kompyuta au watumiaji, na hapo kuweka kwa mtumiaji mmoja kunakusaidia kubaki ndani ya idadi uliyonunua. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006, na programu za kompyuta zimo ndani yake.

Naweza kupata virusi kupitia fonti?

Hatari ya kawaida ni faili lisilo fonti: Harusi.ttf.exe kwenye flashi iliyopita mikono mingi. Windows huficha kiendelezi cha mwisho, ukaona Harusi.ttf. Kwenye dirisha la mafaili, fungua View na uwashe "File name extensions". Fonti haiji kama programu ya kuendesha. Ikikuomba nywila au kukuambia uzime antivirusi, ifute.

Nitaondoaje au kusasisha fonti?

Windows: Settings, Personalization, Fonts, bofya fonti, kisha "Uninstall". Ukurasa huo unaonyesha pia njia ya faili, kwa hiyo unaweza kujua kama ni yako au ya wote. Ikikataa kwa madai kwamba inatumika, funga programu zote, toka kwenye akaunti, ingia, na uondoe kabla hujafungua chochote. Mac: Font Book, bofya kwa kitufe cha kulia, uiondoe. Linux: futa folda yake na uendeshe fc-cache -f tena.

Kusasisha, ondoa ya zamani kwanza. Ukiweka mpya juu yake ukakuta jina la faili limeishia na _0, ujue zote mbili zimo, na matokeo hayatabiriki. Hali mbaya zaidi ni toleo la zamani likiwa la wote na jipya likiwa lako. Hapo msimamizi pekee ndiye anayeweza kuondoa la zamani.

Herufi zikianza kuonekana vibaya baada ya umeme kukatika katikati ya kazi, huenda ni kumbukumbu ya muda ya fonti iliyoharibika. Linux: futa folda ~/.cache/fontconfig, kisha fc-cache -f. Mac: iwashe kwa safe mode mara moja, halafu kawaida. Windows: kuiwasha upya hutosha mara nyingi, isipotosha, anayeweza kusafisha ni msimamizi, kwa kuwa kumbukumbu hiyo ni ya mfumo mzima.

Nina fonti elfu tatu kwenye flashi. Niziweke zote?

Hapana. Kila programu hupitia orodha hiyo inapofunguka, na kwenye kompyuta ya RAM ya gigabaiti 4 utaisubiri CorelDRAW huku mteja amesimama. Weka unazotumia, ziache nyingine kwenye folda zenye majina ya kazi: kadi, mabango, vitabu. CorelDRAW kuanzia X8 huja na Corel Font Manager inayokuonyesha fonti zilizo kwenye folda bila kuziweka. Bila hiyo, bofya faili mara mbili, Windows itakuonyesha sampuli yake, na uamue.